Jina ya Mujomba Chola

Élisabethville, 18 Januari 1953

Yaya Germaine,

Kamata barua hii na mikono safi, inatoka kwa muntu mukubwa. Usicheke. Sasa niko mushonaji. Patron wangu, baba Kalenga, ule Muluba mwenye kibanda pa avenue yetu, aliniachia mashine peke yangu siku nzima. Nilishona suruali ya karani moja wa posta. Mguu mumoja ulitoka murefu kidogo kupita mwenzake, lakini ule karani mwenyewe anatembea upande, kwa hiyo inamukaa muzuri.

Batoto bote ba hapa banasema hakuna kijana anayevaa kama mimi. Ni mimi nilibaambia baseme, lakini banasema.

Habari ya katekismu: ndiyo, ninaenda, usinipigie makelele. Ni mwaka wa tatu na Père, padri wetu, ameisha kunirudisha nyuma mara mbili juu ya kucheka. Juzi katekista wetu, Alexis, aliuliza: «Mungu alikuumba kwa nini?» Benzangu bakaimba jibu yote sawa kasuku. Mimi nikasema: «Alikuwa na udongo uliobaki.» Alexis akanitoa inje. Lakini Pasaka hii nitabatizwa, na jina nimeisha kuchagua: Adalbert. Kuko karani moja Adalbert mwenye viatu vya rangi mbili. Akipita, hata mbwa zinasimama. Nikiitwa vile, patron hatasema tena «we, kijana». Unajua, yaya, tangu nifike hapa hajataja jina yangu hata siku moja? Nawaza haijui.

Salimia mama. Salimia mujomba Chola na kikohozi yake. Umwambie siku akikufa, ile koti yake nyeusi ni yangu, asimpe mwingine.

Mudogo wako, lakini mukubwa wa mji,
Kalaba

---

Kipushi, 29 Januari 1953

Kalaba, mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku ile ile tuliyomfunga mujomba Chola ndani ya mkeka. Kifua kilimshinda. Niliwasomea watu salamu zako. Yale maneno ya koti sikuyasoma.

Mama hali chakula. Walikuwa wawili tu, tumbo moja, na sasa amebaki mmoja.

Uje kijijini upesi. Wazee wanataka wapwa wote wa marehemu wawepo siku ya kumaliza kilio. Godefroid na Alphonse, watoto wa mama mkubwa wa tumbo lingine, wanatoka kambi ya mgodi. Sasa nisikilize. Wakikuita ndani ya nyumba na kukuuliza neno, usijibu haraka kama kawaida yako. Uniite kwanza. Nitakuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine.

Dada yako,
Germaine

---

Élisabethville, 16 Februari 1953

Mupwa wangu Germaine,

Ndiyo, umesoma muzuri. Mupwa! Leo mimi njo mujomba wako. Ukinisalimia upige magoti, na usisahau makofi.

Patron aliona ushanga mweupe pa mukono yangu, akauliza kama nimeoa. Nikamwambia: «Baba Kalenga, kwetu Balamba muntu akikufa, jina yake haiachwi kulala inje. Bazee banatafuta mupwa wake mumoja, banamukalisha pa mukeka, banamupakaa unga pa kichwa, banamunywesha maji, banamufunga ushanga. Akisimama, kijana ameisha. Ule aliyekufa njo anasimama. Nyumba yake, mutoto wake, heshima yake, yote inarudi.» Patron aliweka pasi chini. Halafu akauliza: «Basi sasa nikuite nani?» Nikasema: «Chola.» Akasema: «Chola, lete makasi.»

Yaya! Ananiita jina!

Ulinambia nikuite mbele ya kujibu. Nikuite ya nini? Godefroid ana cheo kambini, Alphonse ana muke na velo, baiskeli ya kweli, na bazee baliniangalia mimi. Bale bawili balikuwa banaangalia chini sawa mbuzi zenye kunyeshewa mvua. Wivu. Muzee akauliza: «Utakubali?» Mimi nikakubali mbele hajafunga mudomo.

Na mama! Mama alipiga magoti mbele yangu, akasema: «Karibu, kaka.» Mama ile ile iliyonichapaka juu ya kuiba sukari! Na Julienne, mujane wa mujomba, alinipa koti. Bazee balisema maneno ya ndoa hapana, niko kijana. Nitakuwa baba ya ule mutoto wake Annie, basi. Koti iko kubwa, mikono yake inameza vidole vyangu. Nilitaka kuikata, kazi yangu si ni hiyo? Julienne akakataa: ya mwenyewe haikatwi. Kwa hiyo nikitembea pa avenue niko sawa kengele bila ulimi.

Ninakumbuka maneno niliyokuandikia juu ya ile koti. Usinikumbushe.

Katekismu sijaenda. Muntu mukubwa sawa mimi, kukaa na batoto pa benchi?

Mujomba wako,
Chola

---

Kipushi, 24 Februari 1953

Kalaba,

Sitakuita mujomba. Nilikubeba mgongoni, na ulikojolea gauni langu la komunyo ya kwanza. Mujomba hafanyi hivyo.

Nina wasiwasi na mama. Halii. Tangu wakufunge ushanga hajatoa chozi. Watu wakija kutoa pole anawaambia: «Pole ya nini? Kaka yangu yuko Élisabethville, anashona nguo.» Na anacheka. Kila jioni anapika bukari ya unga wa mahindi, anaweka ya Chola pembeni na kuifunika. Asubuhi anawamwagia kuku.

Annie naye anauliza baba yake anarudi lini.

Kwaresima imeanza. Nenda kwa katekista, hata kama utamchekesha.

Germaine

---

Élisabethville, 10 Machi 1953

Germaine,

Jumapili nilifika kijijini, kwako sikupita. Acha nikuambie, na usinicheke. Leo mimi mwenyewe sichekei kitu.

Nilifika na koti. Annie alikimbia, akashika mukono yangu, akaigeuza, akaangalia ndani ya kucha. Akauliza: «Baba, mule mu shimo ulikuwa unakula nini?» Unanijua, nikajibu utani: «Mihogo.» Akauliza: «Na nani alikufungulia?» Halafu akasema polepole: «Nilikusikia unapiga. Niliogopa kuja. Usikasirike, baba.»

Mimi mwenye mudomo ya mji muzima, nilirudisha mukono mu koti, nikaficha kucha.

Mama aliniwekea kiti ya mujomba, akanipa tumbako yake. Mimi sivutaka tumbako. Nilivuta. Nikakohoa mupaka machozi, na mama akafurahi, akapiga makofi, akasema: «Njo yeye.»

Tangu pale kikohozi hakitoki. Patron anasema ninakohoa mbele ya kusema neno lolote, sawa muzee anayetaka baraza inyamaze. Na ile koti, yaya. Jana niliivaa na mikono yake inaishia pale ushanga unaanzia. Vidole vyangu vyote viko inje. Nikatafuta pa mushono: hakuna mahali imekatwa, hakuna mahali imekunjwa. Nikamwambia patron: «Nimekua murefu.» Alinisimamisha pa ukuta pale anapimia batu, akaweka utepe, akasema: «Hapana. Uko vile vile.» Na hakuniangalia tena mupaka jioni.

Kwa soko muntu aliita nyuma yangu: «Kalaba!» Sikugeuka. Nilisikia ile jina sawa ya jirani moja wa zamani, alihama, sijui kama iko muzima.

Halafu nilikuta Godefroid kwa baa. Nikamuringia kidogo, nikamwambia anisalimie sawa mujomba wake. Akacheka mupaka akashika meza. Akasema: «Unawaza balikuchagua juu ya akili? Balianza na mimi, halafu Alphonse. Tulikataa. Tulisema sisi tumebatizwa, tuko na majina ya batakatifu, ndani hakuna nafasi. Bazee bakauliza: basi nani bado mutupu? Njo bakakutafuta.»

Mutupu, Germaine. Sawa chupa ya kutiliamo mafuta ya muntu mwingine.

Wewe ulijua?

Mimi, sijui niweke jina gani hapa

---

Kipushi, 15 Machi 1953

Kalaba,

Nilijua.

Nilipiga kelele ndani ya nyumba ile mpaka wakanitoa nje. Waliniambia niende kutwanga, mwanamke hana neno pale. Nikakungoja. Ukanipita unacheka na wazee, hata hukunitazama. Kisha barua yako ikafika, na ilikuwa na furaha ambayo sikuiona kwako tangu baba alipotuacha. «Ananiita jina.» Ningekuandikia nini baada ya hapo? Nilikuficha neno hili, maana nilikuona umesimama wima kwa mara ya kwanza.

Lakini Godefroid amekudanganya katika jambo moja. Yeye na Alphonse hawakukataa kwa imani. Nilikuwapo, niliona nyuso zao. Walimwogopa marehemu, wakajifunika ubatizo kama mwavuli. Mtu anaweza kubatizwa na akabaki na hofu yote aliyokuwa nayo.

Wewe si chupa. Lakini mimi ni dada yako, lazima niseme hivyo. Nenda ukasikie kwa mtu ambaye halazimiki kukupenda. Nenda kwa Alexis.

Germaine, anayekuombea

---

Élisabethville, 24 Machi 1953

Yaya,

Nilienda.

Nilikaa pa benchi na batoto, magoti yangu pa kidevu. Alexis alikuwa anafundisha habari ya Lazaro: alikufa, dada zake banalia, Yesu anafika nyuma, mazishi imeisha. Nikanyoosha mukono. «Katekista, kuko swali. Yesu alikawia siku nyingi. Kama jamaa ilikuwa imeisha kuweka mupwa mu jina ya Lazaro? Lazaro anatoka mu kaburi na bitambaa byake, anafika kwake, anakuta Lazaro mwingine amekaa pa kiti, anavuta tumbako yake. Nani atatoka inje?»

Benchi yote ikapasuka na kicheko. Alexis mwenyewe alificha mudomo na mukono. Halafu akaona kama mimi sicheki. Akaona ushanga. Akafunga fundisho, akanibakisha.

«Hii ni swali ya nani?»

«Ya Lazaro wa pili,» nikasema.

Akafikiri sana, akasema: «Sijui.» Yaya, umeshaona katekista anasema hajui? Nilirudi kazini na woga mukubwa kupita wa kwanza.

Lakini siku iliyofuata alikuja yeye mwenyewe kwa kibanda, akakaa pa kiti ya bateja. Patron akajifanya kupiga pasi. Alexis akasema: «Nimewaza. Bale dada balikuwa na uchungu, na Yesu aliwapenda. Angeweza kukamata kijana moja anayepita, kumwambia: wewe sasa njo Lazaro, ingia, ubanyamazishe. Machozi yangeisha siku ile ile. Hakufanya vile. Kwanza alilia, yeye mwenyewe. Halafu alienda mupaka pa kaburi na akaita ule ule aliye ndani. Mufu iko na mwenye kumulinda, Kalaba. Mungu haombi mutoto muzima wa kumuweka mufu ndani. Chola wenu anajulikana kule aliko. Na wewe unajulikana hapa ulipo. Ulijulikana mbele ya ushanga, mbele ya kushona ile suruali mubaya.»

Nikamwambia suruali ilikuwa muzuri.

«Ilikuwa mubaya,» akasema patron huko kwa pasi.

Nikauliza Alexis: «Hata wakati nilikuwa mutupu?»

Akaniangalia kama nimemutukana mama yake. «Nani alikuambia Mungu anaumba bantu batupu? Ulisema alikuwa na udongo uliobaki. Ulikuwa unachekesha benzako, lakini mimi nilikusikia. Ulikuwa unasema kweli juu ya vile unajiona.»

Nilitaka kujibu kitu ya kuchekesha. Ikatoka kikohozi. Halafu hata kikohozi ikakwama, na nililia, yaya, mbele ya patron, juu ya kitambaa ya muteja.

Nataka kubatizwa. Viatu vya rangi mbili, ule karani abaki navyo, mimi nataka jina tu. Alexis anasema mukono yangu sherti ifike pa maji bila ushanga, na hakuna wa kuukata isipokuwa mimi. Ninaogopa. Nikiutoa na ndani haibaki kitu? Na mama?

Umwambie mama. Mimi nimekosa mudomo.

Kalaba
(naandika hii jina sawa muntu anayejaribu viatu)

---

Kipushi, 30 Machi 1953

Mdogo wangu,

Mama alikuja kuniona kwa sababu masera wa hospitali wamenilaza kwa ajili ya mimba yangu. Hawataki nisafiri mpaka nijifungue. Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Mwambie kaka yangu hivi. Mara ya kwanza aliuawa na kifua. Akikata ushanga ule atakufa mara ya pili, na mara hii nitamjua aliyemuua.»

Kisha akauliza kama nimepata chumvi ya kutosha, akaondoka.

Siwezi kukusemea tena, Kalaba. Neno hili haliwezi kupita kwa barua wala kwa dada. Nenda mwenyewe, simama mahali anapokuona. Hata akikufukuza, utakuwa umefukuzwa wewe na si mwingine.

Germaine

---

Élisabethville, 12 Aprili 1953

Yaya Germaine,

Nimebatizwa. Maji ilikuwa baridi na Père alimwaga nyingi, nawaza alikuwa analipiza miaka yote mitatu. Alexis aliimba vibaya. Patron alikuja na tai pa shingo. Mpaka leo anakosea, ananiita Chola. Nikimurekebisha anasema majina yangu ni mengi kupita suruali nilizoshona. Kikohozi iko bado, asubuhi. Sikudanganyi kama kila kitu imetoka.

Lakini wewe unataka habari ya mama.

Nilienda Ijumaa Kuu, na koti, na makasi ya kazi mu mufuko. Njiani nilihubiri kwa miti maneno makubwa sana, ungelia. Nilipofika yakapotea yote. Mama alikuwa inje, anachambua maharagi, Annie pembeni yake. Mama akapiga makofi. «Karibu, kaka.»

Nilishindwa kumwangalia. Nikachuchumaa, nikaongea na mutoto.

«Annie, mimi si baba yako. Niko Kalaba, mutoto wa shangazi yako huyu. Baba yako alikufa.»

«Hawakumufungulia?»

«Hapana.»

«Na ule aliyekuwa anapiga?»

«Sijui, Annie.» Sikutaka kumudanganya tena.

Akawaza. «Basi iko peke yake mule.»

«Hapana. Mungu iko naye.»

«Anamujua?»

«Anamujua. Jina, na sauti, na vile alikuwa anakohoa. Hatamuchanganya na muntu.»

Aliniangalia mupaka nikaanza kutoka jasho. Halafu akasema: «Basi toa koti yake. Si yako.»

Nikaitoa. Akaibeba yote na mikono miwili, ikamufunika mupaka macho, akaenda kuiweka ndani.

Vidole vya mama vilikuwa vimesimama mu maharagi. Nikamwambia: «Mama, mimi njo mutoto wako.» Nikatoa makasi. Mukono yangu ya kushoto haijui kazi, nilijikata kidogo mbele ya kukata uzi. Ushanga ukaanguka mu lungo, kati ya maharagi. Nikafunga macho, nikangojea. Hakuna kilichokuja. Kuku tu.

Mama akaanza kuchambua tena. Mbovu huku, nzima huku, sawa kama sijafika. Mupaka vidole vyake vikaukuta ushanga. Akaubeba pa kiganja, akauangalia.

Yaya, ile sauti iliyotoka sitaisahau. «Chola wee! Umekwenda kweli! Umeniacha na nani, mutoto wa mama?» Lungo likaanguka, maharagi yakamwagika kila pahali. Banawake ba jirani bakatoka bakikimbia, bakawaza muntu amekufa sasa hivi. Na ilikuwa vile. Julienne naye akatoka, akakaa chini, akajifunga na mama, bakalia pamoja kilio chote bazee balichofungia mu ule ushanga. Mimi nilisimama katikati yao, damu pa mukono. Nikasema mu roho: nimemuvunja mama yangu. Atainua macho na kunifukuza, na Germaine alisema nikubali.

Alilia mupaka sauti ikakatika. Halafu akainua macho kweli. Akaniona na makasi.

«Kalaba!» akapiga kelele. «Weka ile kitu chini, utachoma mutoto! Unasimama sawa nguzo, huoni bamama ba batu hawana maji ya kunywa? Kimbia!»

Yaya, kaka mukubwa hatumwi maji. Mutoto njo anatumwa.

Nilikimbia na ndoo mbele ya kijiji kizima, mimi, mushonaji wa Élisabethville, shati inje, na bale banawake bakacheka katikati ya machozi yao. Cheo kubwa kama ile sijapata bado.

Mudogo wako,
Adalbert Kalaba